Alhamisi ya Jinja na Jumamosi ya Morogoro

Sisi watu wa Moro tuna ugonjwa wa kujisifia vitu vilivyokwisha. Mtu hajamaliza kukusalimia ameshakutajia mpiga gitaa wetu Mbaraka Mwinshehe. Akitoka kwa Mbaraka anahamia kwa Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, na ukimpa nafasi atakukumbusha kwamba bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Yote kweli. Ila muulize swali dogo tu: leo Alhamisi, saa tatu usiku, nikitaka kumsikia mtu akipiga gitaa kwa mikono yake hapa mjini, niende wapi? Atakuna kichwa. Kisha atakwambia usubiri Jumamosi, au Pasaka, au upande treni uende Dar.

Mimi naishi Jinja, Uganda, niliolewa huku na Msoga, mwenyeji wa hapa. Kila nikirudi nyumbani nakutana na ile huruma ya ndugu: "Sasa huko jioni mnafanya nini?" Jibu langu huwaudhi. Jioni za mji huu zinanoga kuliko za kwetu, na siamini hata kidogo kwamba ni kwa sababu Waganda wanapenda muziki kutuzidi.

Maana miji hii miwili imefanana mno. Jinja iko kilomita 80 hivi kutoka Kampala, Moro iko chini kidogo ya 200 kutoka Dar, yaani yote inaishi chini ya kivuli cha kaka mkubwa. Yote iliahidiwa viwanda. Jinja ilipata bwawa la umeme la Owen Falls mwaka 1954 na viwanda vikaufuata umeme. Halafu mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Wahindi waliokuwa wakiviendesha, na mji ukalala usingizi mrefu. Sisi tulikuwa na kiwanda cha turubai, cha nguo, cha viatu. Wenye umri wanajua jinsi vilivyodorora, hasa kile cha viatu. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba wenzetu wana hela.

Tofauti naiona Alhamisi.

Kuna baa moja, uchochoroni nyuma ya Main Street, yenye viti vya plastiki na choo ambacho sitakisimulia. Hakuna bango la bendi wala jukwaa. Mzee mmoja anakaa pembeni na gitaa lake, anapiga kadongo kamu, ule mtindo wa gitaa moja na hadithi ndefu: mke aliyekimbia na fundi, mtoto aliyesomeshwa kwa kuuza ng'ombe akarudi anaongea puani. Watu hawachezi. Wanasikiliza, na pakifika penye utamu meza nzima inacheka kwa pamoja. Hili lilinishangaza, kwa sababu sisi tumelelewa na muziki wa dansi. Kwetu gitaa likilia mtu husimama. Kiluganda changu kinachechemea, basi wifi yangu ananitafsiria sikioni, na yeye huwa anacheka kwanza, anatafsiri baadaye. Siku nyingine yule mzee hayupo, anakuja kijana Mkongo wa Bunia mwenye gitaa la umeme na spika ndogo. Huyo tunaelewana kwa Kiswahili moja kwa moja, na nikimwomba rumba ya zamani ananipa mpaka roho itulie.

Kiingilio hakuna. Linapita kapu, kila mtu anatia alichonacho. Mwenye baa naye anampa mpigaji kiasi kidogo na sahani ya chakula. Nilimuuliza mama mwenye baa kama inamlipa, akanieleza hesabu yake bila kuficha: bila gitaa wateja wanaondoka saa mbili na nusu, kwa gitaa wanakaa mpaka saa tano, na bia ni kama elfu tano za huku. Fanya hesabu mwenyewe. Bia zenyewe nyingi ni Nile, inayopikwa Njeru, ng'ambo tu ya daraja, kwa hiyo usafiri si hoja.

Kwetu mwenye baa akipata faida ananunua spika kubwa zaidi. Spika haili, haiombi nauli, haichelewi. Na kweli, kwa mwezi mmoja inakuwa rahisi. Lakini spika ni ileile aliyo nayo jirani, na nyimbo ni zilezile, hivyo wateja hawana sababu ya kukaa kwako kuliko kwake. Mnabaki kushindana kwa kelele mpaka mtaa mzima hausikilizani.

Niseme na la wanawake, kwa sababu wanaume wakiandika mambo ya baa hulisahau. Morogoro nikikaa baa peke yangu na soda yangu, mhudumu ananiuliza namsubiri nani. Huku wifi yangu, mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa kwaya kanisani, anaingia kwa miguu yake, anavuta kiti, anaagiza, na hakuna shingo inayogeuka. Mama mwenye baa anamwitikia kwa "kodheyo" ndefu, salamu ya Kisoga, wanaulizana habari za watoto mmoja mmoja mpaka bia inapata joto. Si pepo, kuna walevi wenye mikono mirefu huku kama kwingine, na kurudi usiku na bodaboda sikufurahii, mume wangu hutufuata. Lakini baa ambayo mwanamke anakaa kwa amani ndiyo baa ambayo msanii anasikilizwa. Hayo mawili nimeyaona yakienda pamoja mara nyingi mno.

Halafu kuna malwa. Ukienda Walukuba, kwenye nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, utawakuta Wateso wamekizunguka chungu cha pombe ya ulezi, kinaongezwa maji ya moto kila mara, kila mtu na mrija wake mrefu. Mgeni anaona walevi. Kumbe ni chama: kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna faini ya kuchelewa na ya kutukana. Akija mpiga akogo, ala ndogo ya kupigwa kwa vidole gumba, ile ambayo Mgogo wa Dodoma angeitambua papo hapo kuwa ni ilimba yake, analipwa kutoka mfuko wa chama. Hapo ndipo nilipoielewa Morogoro ya zamani. Bendi zile hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilikuwa klabu za watu wa mji, zenye wanachama waliozijali na vyombo ambavyo havikuwa mali ya mwanamuziki mmoja. Mbaraka alikuwa na kipaji cha ajabu, lakini alikuta bendi, akakuta gitaa, akakuta watu waliokwisha kuzoea kutoka usiku.

Wasomaji wataniuliza juu ya lile tamasha kubwa la Jinja, lililoanza mwaka 2015 na ambalo jina lake siwezi kulitamka mbele ya mama yangu. Naliheshimu. Watu wa lebo yao ndio waliotoa mkusanyiko wa singeli za studio ya Sisso mwaka 2017, wakati kwetu wengi bado walikuwa wanaiita singeli uhuni wa Manzese na Tandale kule Dar. Wazungu wakacheza, ndipo sisi tukaanza kuisikiliza kwa heshima. Aibu hiyo ni yetu. Lakini tamasha si maisha ya mji. Siku zile chache hoteli zinajaa, bei zinapanda, bodaboda wanatajirika, halafu wageni wanaondoka na vumbi lao. Anayemlisha mzee wa kadongo kamu ni kapu la Alhamisi.

Na Jinja nayo isijione. Hapa Busoga kuna embaire, marimba makubwa yanayotandazwa juu ya shimo ili mlio upate tumbo, wanakaa watu wengi pande mbili wanapiga chombo kimoja, mikono inapishana hata usijue nani ni nani. Kikundi cha kijiji cha Nakibembe kilitoa albamu mwaka 2023, wakasikika Ulaya. Mimi kuwasikia hapa mjini sijabahatika. Nimewasikia kwenye simu. Bigwala, tarumbeta za vibuyu zinazopigwa kwa wafalme wa Busoga, ziliingizwa na UNESCO mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa kuwa wazee wanaozijua walibaki wachache mno. Vikundi vya hotelini vya kando ya Nile vinapiga zeze la endingidi na kinubi cha adungu vizuri tu, ila vinawapigia watalii wanaokula samaki, dakika kumi za kila kabila. Na siku Arsenal ikicheza, gitaa la mzee linazimwa katikati ya hadithi. Hilo sijalizoea na sitalizoea.

Wanamuziki wa huku pia wamepita tanuru ambalo sisi hatukulipita. Kwa sababu ya korona, baa na maonyesho Uganda vilifungwa Machi 2020, vikaja kufunguliwa Januari 2022. Karibu miaka miwili. Mkongo wangu aliuza gitaa lake la kwanza akabeba matofali. Baa zilipofunguliwa, wenye baa waliwatafuta wapigaji wao wa zamani kwa simu, mmoja mmoja. Hilo lilinigusa kuliko tamasha lolote.

Sasa kwetu imekuja SGR, treni ya reli ya kisasa. Tangu mwaka 2024 mtu anatoka Moro anafika Dar kwa muda usiofika saa mbili. Nimeipanda, ni raha tupu. Lakini kijana mwenye elfu hamsini ya starehe, ambaye zamani angeitumbua Moro kwa sababu basi lilikuwa mateso, leo anaipeleka Dar na kurudi asubuhi. Tusipoweka kitu cha kumbakisha, mji wetu tunaouita mji kasoro bahari utakuwa mji kasoro bahari na kasoro muziki.

Mdogo wangu ana grosari Kihonda. Nimemwambia kwa simu amtafute mpiga gitaa mmoja tu, ampe Alhamisi, ampe ugali na nauli, apitishe kapu.

"Dada, Alhamisi kuna Ligi ya Europa."

Basi Jumatano. Jumatano na Jumanne kuna Ligi ya Mabingwa. Jumatatu je? Jumatatu watu hawana hela. Nikamwambia hao wasio na hela ndio wanaohitaji gitaa kuliko wote. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza kama huyo mpigaji anakunywa. Nikasema nitajuaje, hata hatujampata.

"Kama hanywi mlete tumjaribu mwezi mmoja. Kama anakunywa, hesabu yako ya Uganda hapa haitatoka."