Acheni Vijana Washike Ramani

Binti wa miaka 16 alisimama kwenye njia panda msituni, ramani mkononi, dira shingoni, wenzake saba wakimsubiri aseme wapite wapi. Siku hiyo zamu ya kuongoza ilikuwa yake. Akatazama miti, akaona alama ya buluu, akasema, "Huku."

Mimi, mmoja wa walezi wa kambi hii ya vijana ya majira ya joto, nilikuwa wa mwisho kwenye mstari, na nilijua amekosea. Tulikuwa tunafuata Appalachian Trail, njia ndefu ya watembea kwa miguu mashariki mwa Marekani, katika milima ya White Mountains, jimbo la New Hampshire. Njia ile huwekewa alama nyeupe. Za buluu ni za vijia vya pembeni. Nikafungua mdomo. Mlezi mwenzangu, mwenye miaka mingi katika kazi ile, akanigusa bega na kutikisa kichwa. Tukawafuata.

Zilipita karibu dakika 40 ndipo kijana mmoja akauliza mbona tunateremka wakati ramani inaonyesha mlima. Wakakaa chini, wakabishana wenyewe kwa wenyewe, wakarudi walikotoka. Hakuna aliyefokewa. Usiku, baada ya kula na kuning'iniza chakula mtini mbali na mahema ili dubu asitufuate, tuliketi duara. Binti akaulizwa: uliona nini, ukaamua nini, na ingekuwa kesho ungefanyaje? Akasema aliona aibu kulisimamisha kundi zima ili atazame ramani mara ya pili. Wenzake wawili wakakiri kwamba waliona rangi imebadilika, ila walinyamaza kwa kuwa siku ile hawakuwa viongozi.

Maneno ya wale wawili yaliniuma, kwa sababu nilijiona mimi.

Nimekulia na kusoma Tanzania, na nilikuwa kiranja. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele na kumpelekea mwalimu wa zamu, yaliyobaki unayajua. Viatu vyangu vilikuwa safi, sauti yangu ilisikika mstarini, wazazi walijivuna. Lakini sikumbuki hata siku moja niliyoachiwa jambo niliamue mwenyewe, jambo ambalo lingeweza kuniharibikia mikononi. Nilikuwa na cheo tu. Na nilipoona mkubwa anakosea, nilinyamaza, kwa kuwa ndiyo adabu niliyofundishwa.

Sisemi kwamba watoto wa Marekani wametuzidi. Kwa kazi za mikono, wengi wao hawafui dafu mbele ya mtoto wetu wa miaka 13. Katika kambi hizi za majira ya joto nimewafundisha vijana warefu kunishinda jinsi ya kuwasha moto na kupika chakula cha watu wanane, mambo ambayo dada zangu waliyafanya tangu darasa la nne huku mdogo wao amebebwa mgongoni. Vijana wetu wana ustahimilivu wa kutosha na wa kugawa. Wanachokosa ni mtu mzima wa kuketi nao jioni na kuwauliza waliamua nini na kwa nini. Taabu peke yake humkomaza mtoto. Haimfundishi kuongoza wengine.

Na wazo lenyewe la kuwakomaza vijana kwa safari za namna hii halikuanzia kwenye starehe. Shule ya kwanza ya Outward Bound, shirika linalowafunza vijana kwa safari za porini na baharini, ilifunguliwa na mwalimu Kurt Hahn na wenzake huko Aberdovey, Wales, mwaka 1941, katikati ya vita. Meli zilikuwa zinazamishwa baharini, na walioianzisha waliamini kwamba mabaharia vijana, pamoja na nguvu zao zote, walikuwa wanakata tamaa mapema kuliko wazee wao waliozoea bahari. Baadaye wazo hilo lilifika hadi kwetu: Outward Bound walifungua shule Loitokitok, upande wa Kenya, chini kabisa ya Kilimanjaro. Skauti nao tunao miaka nenda rudi, na msingi wa skauti ni kundi dogo la vijana sita hadi wanane chini ya kijana mwenzao. Kwa hiyo anayeniambia haya ni mambo ya Wazungu, namwomba aangalie upya.

Tuna JKT pia, Jeshi la Kujenga Taifa, tangu mwaka 1963, na naiheshimu. Waliopita huko hurudi wakiwa wakakamavu, na wanawajua wenzao wa mikoa ambayo hawajawahi kuikanyaga. Ila kule amri hutoka juu, na ndivyo jeshi linavyopaswa kuwa. Mimi nazungumzia wa miaka 14 hadi 17, umri ambao katika kambi za hapa Marekani kijana anaanza kama mshiriki, na akifika 16 au 17 anaingia mafunzo ya ulezi na kukabidhiwa wadogo.

Nilipomsimulia dada yangu kwa simu habari ya njia panda, aliniuliza swali moja: "Wangepotea kweli, nani angelaumiwa?" Hapo ndipo penye tofauti, na imenichukua muda kuiona. Mlezi yule alinyamaza kwa sababu alikuwa amejiandaa kunyamaza. Alikuwa na cheti cha huduma ya kwanza ya porini. Alikuwa na kifaa cha kuwasiliana kwa setilaiti. Wazazi walikuwa wamesaini fomu, kambi ina bima, hali ya hewa tuliiangalia asubuhi, na kile kijia tulikijua kinaishia wapi. Angekuwa binti anatuelekeza kwenye ukingo wa mwamba, au radi imeanza kunguruma tukiwa kileleni, tungemzuia palepale. Mwalimu wa kwetu mwenye wanafunzi 60 hana hata kimoja katika hivyo. Akikosea kidogo, lawama zote ni zake. Simlaumu anaposhika usukani yeye mwenyewe.

Kwa hiyo tukitaka kuiga, tuanzie hapo: tumwandae mkubwa kwanza. Milima tunayo, misitu tunayo, na wapo waongoza watalii na wapagazi wanaoijua Kilimanjaro kama kiganja cha mkono, huku watoto wao wengi wakiishia kuitazama kwa mbali. Pesa ni tatizo, najua. Hata Marekani kambi hizi ni ghali na watoto wengi hawazifikii. Lakini usiku mmoja wa hema, ramani, na mtu mmoja aliyesomea huduma ya kwanza havihitaji utajiri.

Desemba nikija likizo, nitawachukua wapwa zangu na rafiki zao watano, siku mbili, usiku mmoja. Cheti cha huduma ya kwanza ninacho, na njia nitaipita peke yangu kwanza. Dada amekubali kwa sharti kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemuuliza kila mzazi. Mpwa wangu mkubwa, wa miaka 15, ameshapewa zamu ya siku ya kwanza. Juzi alinitumia orodha ya vitu vya kubeba, na amesahau maji. Sijamwambia, nasubiri nione nani katika wenzake atasema.