Karne ya Dhahabu ya Uholanzi: jina lifutwe au libaki?

Mwezi Septemba 2019, Makumbusho ya Amsterdam yalitangaza kwamba hayatalitumia tena jina Gouden Eeuw, yaani Karne ya Dhahabu, kuielezea karne ya 17. Hoja yao ilikuwa kwamba dhahabu hiyo inafunika umaskini, vita, kazi za kushurutishwa na biashara ya binadamu vilivyokwenda sambamba na ustawi wa wakati ule. Mark Rutte, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliupinga uamuzi huo waziwazi, nayo Rijksmuseum, makumbusho ya taifa yenye picha mashuhuri zaidi za enzi hiyo, ikaendelea kulitumia jina lilelile.

Wanaolitetea wana hoja nzito, na si haki kuwahesabu wote kuwa watu wasiojali mateso ya wengine. Nchi ndogo, ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, ilipambana na Hispania mpaka uhuru wake ukatambuliwa mwaka 1648, na vita vikiwa havijaisha ilikuwa imeshalikausha ziwa la Beemster kwa vinu vya upepo na kulifanya mashamba, kazi iliyokamilika mwaka 1612. Msingi wa utajiri wake ulikuwa samaki wa heringi, pamoja na nafaka na mbao zilizoletwa kutoka bandari za Baltiki. Sanaa nayo ilitoka kwenye majumba ya wafalme na makanisa ikaingia nyumbani kwa waoka mikate na mafundi, walionunua picha na kuzitundika sebuleni. Mtumishi wa ndani aliyechorwa na msanii Vermeer akimimina maziwa, mikono ya nguo imekunjwa na mwanga wa dirishani ukimwangukia usoni, amepewa heshima ambayo kwingineko Ulaya ilikuwa nadra kwa mtu wa kazi yake. Kuona fahari juu ya hayo si kosa.

Hata hivyo, hesabu haiishii kwenye heringi. Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, VOC, iliundwa mwaka 1602, na mwaka 1621 Gavana Jan Pieterszoon Coen alivamia visiwa vya Banda, katika Indonesia ya leo, ili kampuni ihodhi biashara ya kungumanga na basibasi. Wenyeji walikadiriwa kuwa 15,000 hivi. Waliouawa, waliokufa kwa njaa na waliouzwa utumwani walikuwa wengi kiasi kwamba waliosalia visiwani walikadiriwa kuwa 1,000 tu. Upande wa Atlantiki, Waholanzi waliiteka ngome ya Elmina, pwani ya Ghana, mwaka 1637, na kwa muda wote wa biashara ya watumwa meli zao ziliwasafirisha Waafrika wapatao 600,000. Mwana wa Banda akiambiwa kwamba miaka hiyo ilikuwa ya dhahabu, ana kila haki ya kuuliza ilikuwa dhahabu ya nani.

Wapo wanaodai kwamba swali hilo limezuliwa juzi tu na wanaharakati. Si kweli. Mwaka 1941 Johan Huizinga, mwanahistoria Mholanzi aliyeipenda sana karne ile, aliandika kwamba jina la dhahabu haliifai, na kwamba kama ni lazima ipewe jina, basi liwe la mbao na chuma, lami, rangi na wino. Kumbe mtu anaweza kulikataa jina bila kuidharau historia yenyewe.

Kwa hiyo naona jina hilo halistahili kuwa kichwa cha maonyesho yanayolipiwa na umma. Lakini hapohapo nina shaka na kilichowekwa mahali pake. "Karne ya 17" ni tarakimu tu. Haimsifu mtu wala haimshtaki, na mtazamaji anaweza kupita chini ya bango hilo akatoka bila kuijua Banda. Kazi kubwa zaidi iko kwenye maelezo yanayobandikwa kando ya picha, na hapo Rijksmuseum, pamoja na kulishikilia jina la zamani, ilipiga hatua ndefu katika maonyesho yake ya utumwa ya mwaka 2021.

Humo alikuwamo Oopjen Coppit, aliyechorwa na msanii Rembrandt mwaka 1634 akiwa na gauni jeusi, lulu shingoni na upepeo wa manyoya mkononi. Picha hiyo na ya mumewe, Marten Soolmans, zilinunuliwa mwaka 2016 na Uholanzi na Ufaransa kwa pamoja kwa euro milioni 160. Safari hii mtazamaji alielezwa pia kwamba familia ya Marten ilitajirika kwa kusafisha sukari, iliyolimwa na watumwa kule Brazili, na kwamba Maerten Daey, mume wa pili wa Oopjen, alipokuwa huko alimfungia mwanamke Mwafrika aliyeitwa Francisca, akambaka na kuzaa naye binti. Oopjen ana picha inayomwonyesha mzima, kuanzia utosini hadi miguuni. Francisca ametufikia kwa jina tu.