Mara bilioni 45 kwa siku, lakini za nini?

Januari 2024, kule Davos kwenye mkutano wa Jukwaa la Uchumi Duniani, Mary Erdoes, bosi wa kitengo cha mali na uwekezaji cha JPMorgan Chase, alisema wadukuzi wanaijaribu benki yao mara bilioni 45 kwa siku. Gawanya kwa sekunde: ni zaidi ya laki tano kila sekunde, usiku na mchana. Habari ikasambaa. Muda si muda benki ikatoa ufafanuzi: hesabu ile ni ya shughuli zilizoonekana kwenye mitambo yake, na ndani yake wamo hata wafanyakazi wanaoingia kwenye kompyuta zao, pamoja na upekuzi wa mashine zinazopita huku na kule bila kumlenga yeyote.

Sidhani kama mama huyo alikusudia kudanganya. Shida ni kwamba neno "jaribio" halina kipimo. Kodi seva ndogo leo, yaani kompyuta iliyo mtandaoni muda wote, acha wazi SSH, mlango wa kuiingilia ukiwa mbali, kisha kesho fungua logi, daftari lake la matukio. Utakuta mistari inayofanana kama mapacha: nenosiri limekosewa kwa jina la root, limekosewa kwa admin, limekosewa kwa test, root tena, mingi ikitoka anwani ileile ya mtandao. Roboti moja, yaani programu inayojiendesha, ikijaribu manenosiri elfu tano, hayo ni mashambulizi elfu tano au ni moja? Anayehesabu mistari ataandika elfu tano, anayehesabu anwani ataandika moja, na wote wawili wako sahihi. Sakinisha fail2ban, programu inayofungia anwani ikishakosea mara kadhaa, na mistari itapungua ghafla ilhali adui ni yuleyule.

Pamoja na hayo, siwezi kuungana na wanaosema namba hizi ni porojo tupu. Ukipima kwa kifaa kilekile, mahali palepale, mwezi baada ya mwezi, kupanda kwa ghafla kuna maana: pengine udhaifu mpya umetangazwa jana na roboti zimeshaanza kuusaka. Halafu mfikirie mkuu wa usalama anayeomba bajeti. Kazi yake ikienda vizuri, hakuna kinachotokea. Apeleke nini mbele ya bodi? (Muuzaji wa fayawoli, programu au kifaa cha kuzuia wavamizi, naye anaipenda namba kubwa, kwa sababu zake.)

Sheria zimechagua kuuliza jambo jingine. Marekani, kampuni zilizo kwenye soko la hisa hutakiwa kutangaza tukio zito ndani ya siku 4 za kazi tangu zione kuwa ni zito. Kenya, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inatoa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data pale taarifa za watu zinapovuja na wenyewe wako hatarini. Hakuna anayeulizwa amejaribiwa mara ngapi. Tatizo ni kwamba kampuni yenyewe ndiyo inayoamua kipi ni kizito, na hapo ndipo kimya hujificha. Kwa hiyo hesabu ningeitaka bado, ila ije na mambo matatu: mnahesabu nini, mnakihesabia wapi, na mangapi yamepenya.

Bila hayo, mtu husoma vibaya. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutoa takwimu kila robo mwaka. Julai hadi Septemba 2023 ilirekodi vitisho milioni 123.9, robo iliyofuata, bilioni 1.29, mara kumi zaidi. Ukitazama namba peke yake utasema ile robo ya kwanza ilikuwa shwari. Ni robo hiyohiyo, mwishoni mwa Julai, eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilipolemewa kwa mafuriko ya maombi bandia, kikundi kinachojiita Anonymous Sudan kikajitapa kuwa ni kazi yake, watu wakahangaika kununua tokeni za umeme, na serikali ikalazimika kuwapa viza kwenye uwanja wa ndege wageni waliokwama kuiomba mtandaoni.