Mgao wa shilingi saba na nusu

Kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa mwanangu, hapa Manyatta, Kisumu, baba mmoja alisimama akasema Watanzania wametuacha mbali: kwao shule ya msingi ni bure kabisa, serikali inalipa kila kitu. Akapigiwa makofi. Mimi nilinyamaza, maana dada yangu ameolewa Shirati, Tanzania, na wanawe wanasoma shule ya serikali. Jioni nikampigia.

Tuanze na kwetu. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo, serikali ilimtengea kila mtoto shilingi 1,020 kwa mwaka. Baadaye ikawa 1,420. Miaka ishirini na ushei, nyongeza 400! Gawanya hiyo 1,420 kwa siku za masomo, mia na tisini hivi: saba na nusu kwa siku. Andazi la pale langoni ni shilingi kumi. Na hata hizo hazifiki zote, kwa kuwa tangu 2018 wizara ndiyo inayonunua vitabu na kuvileta.

Tanzania ilianza elimu bila ada mpaka kidato cha nne Januari 2016, enzi za Magufuli; ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa kabla ya hapo. Ruzuku ni 10,000 za kwao kwa mtoto wa shule ya msingi. 4,000 zinabaki juu, serikali kuu, kwa ajili ya vitabu, shule inapata 6,000. Pale Sirari, mpakani, shilingi yetu moja hubadilishwa kwa kama ishirini zao, kwa hiyo hiyo ni 300 yetu. Kwa mwaka mzima.

Baba yule alikosea basi, ila sikuona la kushangilia. Mgao ni chaki, karatasi na kufuli la choo. Hela nyingi za elimu, huku na kule, zinakwenda kwenye mishahara ya walimu, na hapo ndipo penye kidonda. Darasa la mwanangu lina watoto sabini na tatu. Mwalimu wao wa hesabu hakuajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Ni wa BOM, bodi ya shule, tunamlipa sisi, 300 kwa muhula kwa kila mtoto. Kijana hodari kweli, anasahihisha madaftari usiku kwa tochi ya simu. Mwenzangu anayeuza omena hutoa hizo 300 kwa mafungu matatu, na jina lake huzungushiwa kalamu nyekundu mpaka amalize.

Hela za mama huyo hazimo kwenye bajeti inayosomwa bungeni. Kila mwaka mtaalamu huweka Kenya upande huu, Tanzania upande ule, anatuambia nani anatumia zaidi kwa kila mtoto, na safu ya mzazi haipo. Kwangu mimi, hesabu ya namna hiyo ni nusu hesabu. Nchi inaweza kuonekana inabana matumizi kumbe imetusukumia sisi deni.

Dada alicheka nilipomwambia wanasifiwa Kisumu. Michango ilipigwa marufuku 2018, akasema, sasa inaitwa hiari.

"Ila hiari yenyewe ina daftari, mdogo wangu, na jina langu limo."

Mwezi huo walikuwa wanachangia madawati. Nikamuuliza kiasi gani, tukapiga hesabu kwa bei ya Sirari: kama 250 yetu. Nikamwambia hiyo ni nafuu, kwetu bado kuna hela za mtihani, 60, na za masomo ya asubuhi, ambazo hazina risiti.