Jembe Si Fimbo

Shuleni kwetu ukichelewa kengele ya asubuhi ulipewa jembe. Ukipiga kelele bwenini, jembe. Ukikosa hesabu, jembe tena, na tuta la kumaliza kabla ya kwenda kula. Halafu saa nane mchana mwalimu wa kilimo anaingia darasani na kutuambia kilimo ndio uti wa mgongo wa Uganda. Tulikuwa tukicheka chini chini. Sisi watoto wa kambini, tuliolelewa kwa Kiswahili cha baba zetu wanajeshi, somo lile tuliliita "adhabu ya pili".

Mimi nililichagua kwa tamaa tu: nilisikia mwisho wa muhula wanachinja kuku wa mradi. (Tulikula mara moja. Waliobaki waliuzwa, na pesa zake sisi hatukuziona.) Ila somo lenyewe likaninasa. Nikajua kwa nini maharage huacha udongo na nguvu, kwamba vile vinundu vya mizizini si ugonjwa. Nikajua ng'ombe hutafuna tena alichokwisha kumeza, na tumbo lake lina vyumba vinne. Kisha tukafika kwenye mnyauko wa migomba.

Ugonjwa huu ulionekana nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2001, huko Mukono. Mkungu unaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa uchafu wa manjano, na shamba la matoke linakwisha huku unaliangalia. Ni bakteria, na dawa ya kumponya mgomba hakuna. Wadudu huwabeba kutoka ua dume moja hadi jingine, kwa hiyo ua hilo unalivunja mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, maana kisu nacho hubeba. Panga lililokata mgomba mgonjwa ulipitishe motoni au ulioshe kwa Jik kabla halijagusa mwingine.

Likizo nilimweleza bibi yangu kule Luweero. "Mume wangu," akaniambia, "tangu lini kambini kuna migomba?" Lakini kesho yake nilimwona na kijiti chake, anavunja maua.

Niliporudi shule, migomba yetu ilikuwa imeanza kunyauka. Wala haikuhitaji mtaalamu kueleza. Kila siku wachelewaji walipewa mapanga yaleyale, wakapita mgomba hadi mgomba wakikata majani makavu, mbiombio, ili adhabu iishe. Nani angesimama kuosha panga? Mwenye adhabu haangalii mmea, anaangalia saa. Tulichofundishwa ubaoni tulikiharibu kwa mikono yetu, kwa amri ya shule ileile.

Mtaala mpya wa mwaka 2020 (uleule uliokifanya Kiswahili kiwe lazima kidato cha kwanza na cha pili, na watu wa kambini wakavimba vichwa) umeacha kilimo kiwe somo la hiari. Wapo wanaolalamika, wanataka kila mtoto alazimishwe. Mimi sitaki. Ukilazimisha, utaongeza tu idadi ya wanaolichukia. Mtaala huo unazipa kazi za vitendo na miradi ya darasani asilimia 20 ya alama za mwisho, na hapo ndipo ningekaza: kila mwanafunzi apewe tuta lake, apande, aandike alichotumia, auze, na pesa azione. Na jembe litolewe kabisa katika orodha ya adhabu. Mtoto mkorofi aoshe madirisha, afagie uwanja, akariri shairi, lolote lile.

Mwaka huu mpwa wangu amechagua kilimo. Juzi nikampigia simu kumuuliza shule yao ina mapanga mangapi, na wanayaosha kwa kitu gani.

"Sijui, mjomba," akasema. "Mapanga anayatunza mwalimu wa nidhamu."