Presha ya mapafu haionekani kwenye mashine ya mkononi
Hapo mlipoandika kwamba mgonjwa akimeza dawa za kuzuia damu kuganda miezi mitatu basi bonge la damu kwenye mapafu limekwisha, mi nabisha. Hizo dawa haziyeyushi kitu, zinazuia tu lisikue, mwili wenyewe ndo unalimaliza taratibu na kuna wachache halimaliziki, linageuka kovu ndani ya mshipa na moyo upande wa kulia unasukuma mpaka unachoka. Dada yangu alijifungua kwa oparesheni, mguu mmoja ukavimba, bonge likapanda mapafuni, akatibiwa akaambiwa umepona, mwaka uliofuata ngazi nne tu anakaa chini, wakasema pumu, kapuliza inhela weee na presha ya mkononi kila siku safi! Mpaka walipompiga eko ya moyo, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ndo ikajulikana presha iko kwenye mapafu. Akaandikiwa sildenafili, ndio ile ile ya nguvu za kiume, Marekani waliiruhusu kwa presha ya mapafu toka 2005, nilivyoenda kuinunua muuzaji akacheka eti kaka leo kazi ipo. Upasuaji wa kulitoa hilo kovu upo, San Diego kule Marekani wanasifika kwa hiyo kazi, ila kwa sisi wa huku kuna aliyempeleka mgonjwa wake India akafanyiwa?