Hela ya Bati na Hela ya Unga

Kila inapotajwa habari ya kuwapa maskini fedha mkononi, hakosi mtu wa kuuliza: hawatazinywea? Sisi wenye mishahara hatuulizwi swali hilo mwisho wa mwezi, lakini tulijibu lipite. Kuanzia mwaka 2011 watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia kaya za Rarieda, kaunti ya Siaya nchini Kenya, zilizopewa fedha kwa M-Pesa na shirika la GiveDirectly bila sharti lolote. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda. Kilichopanda ni chakula, mifugo na mapaa ya bati.

Swali linalonisumbua mimi ni jingine, na halijadiliwi sana: hela hizo zije zote kwa mkupuo, au zije kidogo kidogo kila mwezi?

Utafiti huohuo wa Rarieda ulizigawa kaya hivyo. Waliopokea kila mwezi walikula vizuri zaidi na hofu ya njaa ikapungua. Waliopokea kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu. Kwa lugha ya nyumbani, kuna hela ya unga na kuna hela ya bati, hata kama jumla yake ni ileile.

Bati si urembo. Paa la nyasi lina gharama iliyojificha: nyasi huoza, mchwa huzila, na kila baada ya mwaka mmoja au miwili lazima kuezeka upya, tena siku hizi katika vijiji vingi nyasi zenyewe hununuliwa. Ukiezeka bati umejitoa katika deni hilo kwa miaka mingi, maji ya mvua unayakinga, na daftari za watoto hazilowi. Ila bati zinataka fedha iliyokusanyika. Anayezinunua moja moja atangoja miaka, na kabla hazijatimia mtoto ataugua na mbili zitauzwa. Umaskini una ughali wake: mwenye kidogo hununua kila kitu kwa vipimo vidogo na kwa bei kubwa.

Ushahidi wa wazi zaidi umetoka katika mradi mwingine wa GiveDirectly, ulioanza kwa upana mwaka 2018 Siaya na Bomet. Kundi moja la vijiji lilipewa takriban shilingi 2,250 za Kenya kila mwezi kwa kila mtu mzima kwa miaka 2. Kundi la pili lilipewa kiasi hichohicho cha miaka 2 kwa mara moja, kama dola 500. La tatu liliahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kuwa waliopata kwa mkupuo walifungua biashara nyingi zaidi na kupata faida kubwa kuliko wenzao wa miaka 2, ingawa hesabu ya fedha ilikuwa sawa. Uvivu uliotabiriwa haukuonekana. Kilichotokea ni kwamba baadhi ya watu waliacha vibarua vya mashamba ya wengine wakajiajiri.

Kwa hiyo tuwape wote kwa mkupuo tumalize? Hapana, si haraka hivyo. Kaskazini mwa Uganda, serikali ilitoa ruzuku za mara moja kwa vikundi vya vijana kuanzia mwaka 2008, wastani wa dola 400 hivi kwa kila mmoja. Baada ya miaka 4 kipato chao kilikuwa kimewazidi wenzao kwa asilimia 38. Baada ya miaka 9 pengo hilo la kipato lilikuwa limefutika, kwa sababu wale wasiopata nao walijikongoja mpaka wakawafikia. Wapo wanaosema hiyo ni dalili kwamba mradi haukufaa kitu. Mimi naona vijana waliotangulizwa miaka kadhaa, na miaka kadhaa ya shibe ukiwa na watoto wadogo si kitu cha kupuuza, ila anayeahidi kwamba mkupuo mmoja huvunja umaskini kabisa anauza maneno. Tena biashara ina hatari zake. Korona ilipofunga masoko mwaka 2020, wapokeaji wa Kenya waliokuwa wamefungua viduka waliona faida yao ikiyeyuka. Njaa kwao haikupanda kama kwa majirani, lakini biashara yenyewe haikuwakinga.

Kisha kuna jirani. Katika miradi ya mwanzo ya Siaya kigezo cha kupata kilikuwa paa: una nyasi, unapata, una bati, hupati. Kigezo hiki kina uzuri wake, maana mtu yeyote anayepita njiani anaweza kukikagua, na hakimwachii kiongozi wa kijiji nafasi ya kuandika shemeji zake. Lakini mfikirie aliyeuza ndama wake mwaka juzi ili aezeke. Si tajiri. Amejinyima tu mapema, na sasa anamtazama mwenzake akipokea takriban dola 1,000, sawa na robo tatu ya matumizi ya kaya kwa mwaka mzima. Uchambuzi wa Rarieda ulikuta kwamba kadiri wenzao walivyonufaika, kuridhika kwa wasiopata na maisha yao kulishuka. Ni husuda, wengine watasema. Mimi nasema ni hesabu ya haki, na mtu wa kijijini huijua hesabu hiyo vizuri.

Hata hivyo utafiti mkubwa zaidi uliofuata, wa vijiji 653 vya Siaya, uligeuza picha. Wasiopata nao walianza kutumia zaidi, kwa kuwa fedha ilizunguka: fundi wa kuezeka aliitwa, muuza duka aliuza, mwenye mashine ya kusaga aliyekuwa akisinzia mchana kutwa akapata foleni. Kila dola iliyoingia ilizaa zaidi ya dola 2 katika uchumi wa pale, na bei zilipanda kwa asilimia 0.1 tu. Ila si kila mahali fedha hupokelewa kwa vigelegele. Ng'ambo ya ghuba, Homa Bay, karibu nusu ya waliofuatwa waliikataa, wengi wakiamini kuwa hela isiyo na jasho ina mkono wa shetani. Siwacheki. Ni nani aliyewahi kuwaletea kitu bila kuja kudai baadaye?

Jambo moja fedha haiwezi kulifanya peke yake lilionekana katika matokeo ya mwaka 2025 ya vile vijiji 653 vya Siaya: vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu. Ni habari kubwa. Lakini nafuu hiyo ilijikita kwa kaya zilizo karibu na kituo chenye daktari. Hela ilimfikisha mama hospitalini pale ambapo hospitali ilikuwapo.

Serikali zetu, kwa kimya, zimechagua hela ya unga. Tanzania ilianzisha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao ulifikia zaidi ya kaya milioni 1, kwa masharti ya mahudhurio ya kliniki na shule. Na hapa lazima nikiri kwamba hoja yangu inayumba. Majaribio yake yaliyoanza mwaka 2010 Bagamoyo, Chamwino na Kibaha yalitumia malipo madogo ya kila baada ya miezi 2, na bado kaya zilinunua mbuzi na kuku, zikawavisha watoto viatu, zikajiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii. Huenda miezi 2 ikikusanywa tayari ni nusu mkupuo. Au huenda mbuzi ndiye benki ya mtu asiye na benki.

Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea pamoja na makundi mengine. Kiwango hicho kimekaa palepale kwa zaidi ya miaka 10 huku unga ukipanda, na malipo huchelewa hata kwa miezi.

Kuchelewa huko kunaua kitu ambacho vijiji vya Siaya na Bomet vilibuni vyenyewe. Wale walioahidiwa miaka 12 waliingia kwenye chama, wakachanga vijihela vyao vya kila mwezi, na kila mmoja kwa zamu yake akabeba fungu zima la kununulia ng'ombe au kufungulia kibanda. Hela ya unga waliigeuza hela ya bati bila kumwomba mtafiti ruhusa. Waliweza kwa sababu walijua hela itaingia, na itaendelea kuingia. Mzee wa Inua Jamii hawezi kukubaliwa katika chama cha namna hiyo. Akiulizwa atachanga tarehe ngapi, hana jibu.